Karata Tatu za Muthurwa

Boksi limegeuzwa juu chini, karata tatu zimelazwa kifudifudi, na watu saba wameinama kuzitazama. Mmoja ametoka kushinda noti ya elfu. Mwingine anamsihi mwenye karata asifunge mchezo. Abiria aliyeshuka basi, begi begani, anasimama kidogo. Fumbo analoliona ni moja tu: ile nyekundu iko wapi? Fumbo lenyewe ni jingine: kati ya hawa saba, nani ni nani?

Huu ndio mchezo wa pata potea, na Muthurwa, jijini Nairobi, ina kila kitu unachohitaji. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Baadaye wafanyakazi Waafrika wa reli wakajengewa nyumba za chumba kimoja hapo Muthurwa. Makazi ya namna hiyo yaliitwa landhies, na jina hilo limebaki kwenye barabara inayopita kando yake. Steji ya mabasi ya Machakos iko jirani, soko la Gikomba si mbali, na mwaka 2008 likafunguliwa soko la Muthurwa pamoja na steji ya matatu, ili wachuuzi wahame katikati ya jiji. Kwa hiyo kila alfajiri hushuka watu wenye pesa taslimu, wasiomjua yeyote, na ambao jioni watakuwa wamekwisha kuondoka.

Si Nairobi peke yake. Huko Marekani katika karne ya 19, tapeli aliyejulikana kama Canada Bill Jones aliwavuna abiria wa meli za mto Mississippi na wa treni kwa karata hizohizo tatu. Mwenzake, George Devol, alisimulia maisha yao katika kitabu cha mwaka 1887. Penye safari, karata tatu hazikosekani.

Ufundi wake ni wa mkono na wa uso. Mwenye karata hushika mbili kwa mkono mmoja, akajifanya anatupa ya chini huku akitupa ya juu. Kisha huja mtego mkali zaidi. Anageuka kando, na mmoja wa “wachezaji” anakunja upesi pembe ya ile nyekundu, akimkonyeza mgeni. Mgeni sasa anaamini amepata siri. Hajui kwamba katika kuzichanganya, pembe ile imenyooshwa na nyingine kukunjwa. Anaweka pesa akidhani ni yeye anayemwibia mwenye karata, na ndiyo maana akishaliwa hulemewa na aibu.

Sheria nayo haimpi pa kukimbilia. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1930, imekuwa ikimhesabu anayecheza hadharani mchezo wa bahati kwa pesa kuwa mkosaji. Atakayekwenda kituoni kushtaki huanza kwa kukiri kwamba naye alicheza, ilhali kwenye boksi lile bahati haikuwepo kabisa.

Fumbo hilo la nani ni nani lina pia mchezo wake wa sebuleni: katika miaka ya 1980, mwanafunzi wa saikolojia mjini Moscow, Dimma Davidoff, alibuni mchezo uitwao Mafia, ambao sasa huchezwa na vijana pande nyingi za dunia. Wachache wanajuana, wengi hawajuani. Usiku wale wachache wanamwondoa mtu. Mchana wote wanabishana, wanatazamana machoni, wanapiga kura. Pata potea imeupindua mpango huo: wengi ndio wanaojuana, na asiyejua ni mmoja tu. Hana wa kushauriana naye, kwa kuwa kila anayemgeukia ni wa upande wa pili.

Mafia ikiisha, kila mmoja hufunua karata yake, na waliodanganyana hucheka pamoja. Muthurwa mtu hupaza sauti, “Karao!”, yaani polisi. Aliyeshinda, aliyeshindwa, aliyekonyeza na mwenye karata hutawanyika kila mmoja na njia yake, na abiria hubaki na begi lake mbele ya boksi tupu, bado akimtafuta kwa macho yule aliyemwonyesha pembe iliyokunjwa.