Upendo katika somo la dini: kazi ya mwalimu wa shule ya Kiprotestanti

Mwisho wa 1974 serikali ya Mobutu ilitwaa shule za makanisa, na somo la dini likaondolewa. Lilirudi kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 kati ya serikali na makanisa. Tangu hapo shule za mkataba za Kiprotestanti ni za serikali, lakini kanisa ndilo linaloziongoza, na somo la dini liko tena mikononi mwa walimu wetu.

Kukariri peke yake hakutoshi. Mtoto anaweza kusema 1 Wakorinto 13 bila kukosea neno, apate alama zote, kisha amnyime mwenzake nafasi kwenye benchi kwa sababu ya kabila lake. Mtihani unapima anayoyajua. Mengine mwalimu atayaona uwanjani, wakati wa mapumziko.

Chukua Luka 10. Mwalimu asipoeleza chuki iliyokuwako kati ya Wayahudi na Wasamaria, watoto watasikia tu habari ya mtu mwema aliyemsaidia majeruhi. Wakiielewa chuki hiyo, swali linaanza kuuma: kwetu hapa, ni nani ambaye hatungependa atuokoe? Hapo pana hatari. Huku Kivu na Ituri watoto waliokimbia vita hukaa darasa moja na wenyeji, na kabila likitajwa kwa kinywa cha mwalimu, kuna mtoto atakayeinamisha kichwa. Afadhali kila mmoja aandike jibu lake bila jina, naye mwalimu ayasome kwanza peke yake. Tena asikimbie mwisho wa mfano: mafuta na divai, mnyama wa kupandwa, dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, na ahadi ya kurudi. Watoto wanashika haya upesi kuliko maelezo juu ya agape (neno hilo la Kigiriki lingoje sekondari).

Mengi hufundishwa nje ya saa ya dini. Mwalimu hupanga benchi ili wageni na wenyeji wakae pamoja. Hujifunza kutamka sawasawa jina la mtoto aliyefika jana. Wawili wakigombana, kila mmoja hueleza, na mwenzake hurudia aliyosikia kabla ya kujibu. Lakini anayefundisha Luka 10 saa mbili na saa tatu akampiga au kumtukana mtoto, amelifuta somo lake mwenyewe.

Tusimtwike mwalimu mzigo wote. Darasa limejaa, na mshahara wake ni mdogo au umechelewa. Uvumilivu wake unaisha kama wa mtu yeyote. Mchungaji anaweza kupita shuleni mara moja kwa mwezi, amsikilize kabla ya kumkagua. Na mwanafunzi akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, mashemasi waulize ni mtoto wa nani, na anahitaji kiasi gani ili arudi darasani Jumatatu.