Haki Iliyochelewa Miaka 28

Wanafunzi wa Nyakatuntu, wekeni daftari na kalamu mbele yenu, maana leo tutaandika miaka na hesabu.

Watu wengi wa Karagwe na Kyerwa ni wakulima wa kahawa na migomba. Mkulima wa shamba lake haachishwi kazi na mtu. Lakini mtoto wake aliyeajiriwa Bukoba au Mwanza aweza kuachishwa. Na fedha anazostahili zikichelewa, afanye nini? Tusikilize historia.

Mwaka 1967 Tanzania, Kenya na Uganda ziliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ilikuwa na mashirika manne makubwa: la reli, la bandari, la posta na simu, na la ndege. Hata meli zilizofika Bukoba ziliendeshwa na shirika la reli. Maelfu ya watu walifanya kazi humo: makarani, mabaharia, mafundi. Walitumaini kupata malipo yao siku ya kuondoka kazini.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Mwajiri akawa hayupo tena. Je, deni la wafanyakazi alipe nani? Ilibidi mali na madeni yagawanywe kwanza. Msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alishughulika na jambo hilo kwa miaka. Mwezi wa Mei 1984, Marais Nyerere, Moi na Obote walitia sahihi mapatano mjini Arusha. Kila nchi iwalipe raia wake.

Je, mambo yakaisha? La. Wastaafu wa Tanzania waliendelea kudai, na mwaka 2003 wakafungua kesi Mahakama Kuu. Mwezi wa Septemba 2005 Serikali ilipatana nao kulipa shilingi bilioni 117. Wadai walikuwa zaidi ya 31,000.

Haya, toeni 1977 katika 2005. Mmepata 28. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa mtu mzima. Wazee wengi walikuwa wamekwisha kufa, na warithi wao ndio waliokuja kudai. Hata baada ya hapo, wengine walirudi mahakamani wakisema wamepunjwa.

Sasa tutazame utaratibu wa leo. Mwaka 1964 Serikali ilianzisha Akiba ya Wafanyakazi. Sheria ya mwaka 1997 ikaigeuza kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Mwaka 2018 sheria ikaongeza fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia miezi 18 au zaidi, akaachishwa kazi bila kupenda kwake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Asilimia 33.3 ni karibu theluthi moja. Aliyekuwa akipata shilingi 300,000 atapata karibu shilingi 100,000 kwa mwezi. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hapati.

Fedha hizi nazo huweza kuchelewa. Pengine mwajiri alikata mshahara lakini hakupeleka michango. Pengine jina lililo katika barua ya kazi si lile lililo katika kitambulisho. Kwa hiyo shikeni mambo manne:

1. Tunza barua ya kuajiriwa, hati za mshahara na barua ya kuachishwa kazi.

2. Ukiwa bado kazini, uliza ofisi ya Mfuko kama michango yako imefika.

3. Dai kwa maandishi. Baki na nakala, na andika tarehe na jina la aliyeipokea.

4. Mkiwa wengi, daini pamoja, kama walivyofanya wastaafu wa Jumuiya.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe uliyejifunza kusoma sasa waweza kusoma hati ya mshahara ya mwanao. Akija likizo, mwombe akuonyeshe.

Maswali ya kujibu pamoja na mwalimu wenu:

1. Jumuiya ilivunjika mwaka gani?
2. Kwa nini malipo ya wafanyakazi wake yalichelewa?
3. Mtu aliyepata mshahara wa shilingi 240,000 atalipwa karibu kiasi gani kwa mwezi?