Nasaba ya Gari la Fedha

Msomaji aliyewahi kushika mswada wa utenzi wa zamani anafahamu kwamba thamani yake haitoki katika beti peke yake. Huulizwa umetoka wapi, umenakiliwa na nani, na umekaa katika masanduku ya ukoo gani. Madalali wa magari ya kale huko London na Marekani nao huuliza hayo hayo. Gari likiwa na silsila kamili ya wamiliki, bei yake hupaa. Silsila ikikatika, hata injini nzima haiwezi kuliokoa.

Hakuna nasaba iliyopindapinda kama ya Aston Martin DB5 iliyotumika katika filamu ya Goldfinger ya mwaka 1964. DB5 ni gari la mwendo kasi lenye milango miwili na paa, lililoundwa Newport Pagnell, Uingereza, kati ya mwaka 1963 na 1965. Umbo lake lilisanifiwa na Touring wa Milano, na injini yake ya lita nne ilikuwa kazi ya fundi Tadek Marek. Yaliundwa zaidi kidogo ya elfu moja, na bei ya jipya ilikuwa pauni elfu nne na ushei, fedha ambayo kwa Mwingereza wa kawaida wa siku zile ilitosha kununua nyumba.

Ian Fleming, katika riwaya yake ya mwaka 1959, alimpa shujaa wake Aston Martin ya toleo la nyuma zaidi. Watengeneza filamu walitaka jipya, na kiwanda kikawaazima gari la majaribio, lile la kwanza kabisa la aina yake, lenye namba ya chesisi DP/216/1. Lilikuwa jekundu; likapakwa rangi ya fedha. Msanifu Ken Adam na fundi John Stears wakalitia bunduki nyuma ya taa za mbele, ngao ya chuma nyuma, mtambo wa kumwaga mafuta barabarani, moshi, na kiti cha kumrusha abiria juu kupitia paa. Vibao vyake vya namba viligeuka. Inasimuliwa kwamba hilo lilikuwa wazo la mwongozaji Guy Hamilton, aliyechoshwa na faini za kuegesha gari.

Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwani katika filamu ile kulikuwa na magari mawili. La pili, lenye namba FMP 7B, lilitumika kwa picha za mwendo tu, na vifaa kama vile likatiwa baadaye. Kwenye skrini yote mawili yalivaa namba moja, BMT 216A. Mtazamaji aliona gari moja. Daftari la kiwanda liliandika mawili.

Utukufu wa filamu haukuligusa ghala la kiwanda. Mwaka 1968 gari lile la kwanza lilivuliwa vifaa vyake vyote, likapewa namba mpya, likauzwa kama gari lolote lililokwisha kutumika. Mnunuzi alipotambua alichonacho, alitengenezesha vifaa vipya na kuvirudisha mahali pake. Je, gari lilibaki lile lile? Mafundi wa majahazi hubadilisha ubao leo na mlingoti kesho, na chombo kikaendelea kuitwa kwa jina lake. Lakini bunduki zilizorudishwa ndani ya DP/216/1 hazikuwa zile alizozitia Stears. Mnada haukujali sana. Gari lilivuka bahari mwaka 1971 hadi kwa mfanyabiashara wa Utah, na mwaka 1986 likauzwa na Sotheby's mjini New York kwa dola 275,000 kwa tajiri wa Florida.

FMP 7B lilikuwa na maisha ya utulivu zaidi. Mwenye kituo cha redio mjini Philadelphia alilinunua mwaka 1969 kwa dola 12,000, akakaa nalo miaka arobaini na moja. Mmiliki mmoja, nyumba moja, hati zote mkononi: madalali huombea nasaba ya namna hii. Oktoba 2010 lilinadiwa London, na pamoja na ada ya mnada likafika pauni 2,912,000. Muuzaji alikusudia fedha hizo ziingie katika mfuko wake wa hisani, ambao miongoni mwa kazi zake ni kugharimia utafiti wa kuzuia uhalifu.

Kuna kinaya katika hilo, kwa sababu ndugu yake alikuwa ameshaangukia mikononi mwa wezi. Juni 1997, usiku, DP/216/1 lilichukuliwa kutoka banda la ndege huko Boca Raton, Florida. Bima ililipa zaidi ya dola milioni nne. Wengine walisema limetupwa baharini.

Wakati huo huo bei za jamaa zake zilizidi kupanda. Gari lililotengenezwa kutangaza filamu ya Thunderball, ambalo halikuonekana katika filamu yoyote, liliuzwa mwaka 2006 kwa dola 2,090,000, na mwaka 2019 huko Monterey, California, kwa dola 6,385,000. Mwaka 2020 kiwanda chenyewe kikaanza kuwakabidhi wateja nakala mpya 25, zikiwa na moshi na bunduki za bandia, kila moja kwa pauni milioni 2.75 kabla ya kodi, nazo haziruhusiwi kuendeshwa barabarani. Nakala isiyotembea ikawa inakaribia bei aliyolipa mnunuzi wa FMP 7B, na hilo linaeleza tamaa ya wanunuzi kuliko linavyoeleza ubora wa gari.

Mwaka 2021 magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba wapelelezi wa mali zilizoibwa wamepata shahidi aliyeiona namba ya chesisi ya gari lililopotea, mahali fulani Mashariki ya Kati. Huenda basi limo katika gereji ya faragha pwani ya Ghuba, likifunuliwa mbele ya wageni wachache. Mwenye kulificha ana gari ambalo hawezi kulipeleka mnadani, kwa kuwa siku namba DP/216/1 itakaposomwa hadharani, wa kwanza kulidai watakuwa wale waliolipa fidia ya bima.