Mlango wa Caravan Hall

Tarehe 2 Julai 1939, mjini New York, ambako Maonyesho ya Dunia yalikuwa yakiwatangazia watu ulimwengu wa kesho, wapenzi wapatao 200 wa hadithi za kubuni za kisayansi walikusanyika Caravan Hall. Na hapo mlangoni ndipo ilipodhihiri fitina iliyokuwa ikifukuta tangu Oktoba 1937, wakati Donald Wollheim, kwa niaba ya rafiki yake John Michel ambaye kigugumizi kilimzuia kuhutubu, alipowasomea wapenzi wenzao mjini Philadelphia risala iliyodai kwamba kuutabiri wakati ujao pasipo kuupigania, hali ufashisti umeitanda Ulaya, ni kazi bure. Azimio la risala ile lilishindwa kwa kura 12 dhidi ya 8.

Sam Moskowitz na waandalizi wenziwe wa mkutano ule wa New York, waliokhofu kwamba siasa ingeifisidi fani yao, walipokuta furushi la vijitabu vya jalada la manjano vyenye kuwashutumu kwa udikteta, waliwataka Wollheim na kundi lake waweke ahadi ya kutoleta fujo. Wakakataa, na sita wakafungiwa nje, miongoni mwao Frederik Pohl, na Cyril Kornbluth aliyetimiza miaka 16 siku ile ile. Nami naungama kwamba hapa moyo wangu u pamoja na wale sita, maana mwenye hoja hujibiwa kwa hoja.

Isaac Asimov, mwenzao wa kundi lile lile, aliachiwa akaingia, akaketi ndani, wenziwe wangali nje barabarani.