Atari: kampuni iliyochosha watu wake

Najua nilipotea. Nilikuwa field, na huko tulikuwa tunatoka ofisini saa tano usiku huku bosi anatuambia sisi ni familia. Ovataimu hakuna, eti unajifunza kazi. Juzi wamenipigia simu: nikimaliza mitihani nirudi, nafasi yangu ipo. Kabla sijawajibu nimejichimbia maktaba kusoma habari za Atari ya Marekani. Jamani, kaeni niwasimulie.

Atari ilianzishwa California mwaka 1972 na Nolan Bushnell na Ted Dabney. Hao ndio waliotoa gemu ya Pong. Mwaka 1976 Warner wakainunua kwa dola milioni 28, na mwaka 1978 wakamleta Ray Kassar, mzoefu wa viwanda vya nguo. Biashara aliijua kweli, mauzo yakapaa. Watu wake ndio hakuwajua.

Enzi hizo gemu moja ya nyumbani ilitengenezwa na mtu mmoja, kuanzia michoro mpaka sauti, na kazi ilichukua miezi. Jina lake halikuandikwa popote. Warren Robinett alipotengeneza Adventure, alificha jina lake kwenye chumba cha siri ndani ya gemu, wakubwa wasijue. Fikiria mtu mzima anaiba nafasi ya kuandika jina lake kwenye kazi yake mwenyewe!

Ikatoka karatasi ya mauzo ya gemu zote. Vijana wanne, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, wakapiga hesabu wakaona gemu zao ndizo zimeingiza zaidi ya nusu ya pesa, na wao wako kwenye mshahara tu. Wakaenda kwa Kassar kuomba chochote juu. Crane anasimulia kwamba waliambiwa hawana tofauti na wanaounganisha kaseti kiwandani. Mwaka 1979 wakaondoka, wakaanzisha Activision. Atari ikawa imejitengenezea mshindani kwa mdomo wake yenyewe.

Halafu ikaja E.T. Julai 1982 Atari ilipata haki ya filamu hiyo, na gemu ikatakiwa iwahi Krismasi. Howard Scott Warshaw akapewa wiki tano. Wiki tano! Gemu yake ya Yars' Revenge ilikuwa imemchukua miezi. Walimfungia mashine ya kazi mpaka nyumbani kwake, asipoteze muda njiani. Tuseme ukweli, hakulazimishwa, mwenyewe alikubali kwa kujiamini. Ila aliyepanga tarehe hakuwa yeye.

Zikatengenezwa kaseti kama milioni 4, nyingi zikadoda. Wapo wanaosema E.T. ndiyo iliyoua Atari. Mimi naona wanamwonea Warshaw. Soko lilishajaa gemu mbovu za kila kampuni, na Atari yenyewe ilizalisha kupita mahitaji.

Bili ilikwenda kwa nani? Februari 1983 wafanyakazi 1,700 walipunguzwa na uzalishaji ukahamia Hong Kong na Taiwan. Julai Kassar akajiuzulu. Mwaka huo Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Septemba malori yakamwaga kaseti kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 watu walienda kuzifukua. Mwaka 1984 Warner wakauza biashara ya gemu za nyumbani na kompyuta ya Atari kwa Jack Tramiel.

Na Warshaw? Baadaye akawa mtaalamu wa kutibu msongo wa mawazo, anawasikiliza watu wa kompyuta hukohuko California. Nilivyosoma hapo nilicheka, halafu nikanyamaza.

Kilichonigusa ni kwamba watu wa Atari waliipenda kazi. Wangekesha bila kusukumwa. Kilichowakatisha tamaa ni kukesha kwa ajili ya mtu asiyewahesabu. Mkesha wa mara moja ni moyo, ila mkesha wa kila wiki ni mipango mibovu ya mkubwa, anailipia mdogo.

Kwa hiyo nitawajibu hivi: nakuja, ila mkataba uandikwe saa. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na ovataimu inalipwa mara moja na nusu. Wakikasirika, basi nimepata jibu mapema.

Wewe ungewaambiaje? Nipeni mawazo, maana Ijumaa wanapiga tena.