Manowari na Bomba Tatu

Mwezi wa Juni 1914, meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilitia nanga Dar es Salaam. Kwa ajili ya dohani zake tatu, wenyeji waliiita "Manowari na bomba tatu". Tarehe 20 Septemba iliizamisha meli ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Huko iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu na kupiganishwa nchi kavu, huku wapagazi Waafrika wakiikokota porini. Mmojawapo umo Ngome ya Yesu, Mombasa.

Sisi walimu wa Kiswahili hapa Kampala tungelisahihisha jina lile mara moja: "yenye mabomba matatu". Lakini tutafakari. "Manowari" limetoka Kiingereza, "bomba" Kireno. Waliolitunga hawakutuachia kitabu, ila jina lao limedumu. Wanafunzi wetu wengi huona haya kuzungumza, wakihofia kuambiwa Kiswahili chao ni cha askari. Tusahihishe insha zao, lakini tusiwazibe vinywa.