Chumvi, Redio na Ubongo wa Mzee

Mkazi wa Babati hahitaji kitabu ili aone mlo ulivyobadilika. Wazee wa Kigorowa na Kimbugwe bado wanaukumbuka ugali wa mtama na uwele, mlenda na maziwa mgando, na safari ya mnadani kwa miguu. Leo ni chipsi, soda na bodaboda, hata kwa mwendo wa dakika kumi. Tukiyajadili mabadiliko haya, tunataja kitambi na kisukari. Ubongo hatuutaji. Mzee akipotea njia ya kwake, tunasema amerudi utotoni. Akiwa ni bibi mjane, wapo watakaonong'ona neno la hatari zaidi, nalo limewahi kuua vikongwe katika nchi hii.

Dola yetu iliwahi kuijua njia ya kufika jikoni. Mwaka 1973 iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai: vikundi vilevile, redio ileile, safari hii somo likiwa chungu na sahani. Tusipambe historia. Hiyo ndiyo miaka ya kuhamishwa vijijini na ya upungufu mkubwa wa chakula, na bila shaka wapo waliolisikiliza somo la mlo kamili wakiwa na njaa. Hata hivyo, lishe ilikuwa jambo la siasa, si ushauri wa daktari kwa mwenye nauli ya kumfikia.

Kisha likaja suala la madini joto. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto hudumaa kabla hajazaliwa; rovu shingoni ni dalili tu inayoonekana. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini hayo viligawiwa katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 sheria ikaagiza yatiwe kwenye chumvi. Mwaka 2009 wachumi Field, Robles na Torero waliandika kwamba watoto wa mama waliopata vidonge walisonga mbele zaidi shuleni, hasa wasichana. Wengine waliorudia hesabu hizo wamezitilia shaka. Ubishi huo hauigusi hoja yangu: serikali ilikubali kwamba akili ya raia huanzia jikoni, ikatunga sheria.

Sheria hiyo ilimlenga mtoto. Je, mzee? Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ulikuta demensia, ugonjwa wa usahaulifu, kwa takriban asilimia 6.4. Wilayani humohumo, karibu wazee saba katika kila kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi hawakuwa na habari nalo. Shinikizo hilo huharibu mishipa midogo ya ubongo kimyakimya kwa miaka mingi kabla jina la mjukuu halijapotea. Chumvi ileile iliyomwokoa mtoto, ikizidi gramu tano kwa siku, ni mojawapo ya vyanzo vyake. Dawa si kuyaondoa madini joto, bali kupunguza kiasi cha chumvi.

Wala mfano wa maisha mengine hauko mbali. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Yaeda Chini, Mbulu, humu humu mkoani Manyara, walipimwa na watafiti waliochapisha matokeo mwaka 2017: zaidi ya saa mbili za shughuli za kutoa jasho kila siku, na shinikizo la juu la damu ni nadra hata kwa wazee wao. Watafiti walipima moyo, lakini damu inayotoka moyoni ndiyo inayolisha ubongo. Simwambii mtumishi wa halmashauri akachimbe mizizi. Namuuliza kwa nini zahanati humpima mjamzito shinikizo kila anapohudhuria kliniki, ilhali babu aliyefuata dawa ya kikohozi anaweza kurudi nyumbani bila kufungwa kile kitambaa mkononi. Kijana wa miaka 25 aliyekaa kwenye kikundi cha Chakula ni Uhai alitimiza miaka 75 mwaka 2025. Somo la pili hajaletewa.